Bawa la Iringa

Mafinga, Jumapili mchana

Mwanangu Yona,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata bibi yako: mimi ndiye niliyemwita baba yako aje akuchukue. Jana kwenye kikao wote walidhani wazo ni lake, naye akawaacha wadhani hivyo. Wazo ni langu. Niliandika ujumbe kwa simu ya bibi, nikautuma, nikaufuta, nikairudisha simu juu ya redio kama ilivyokuwa.

Nimeandika sentensi hizo, nikasimama. Nimekwenda dirishani, nimerudi, nimekaa, nimesimama tena. Nje mnapukuchua mahindi, wewe na bibi, baba yako amekwenda kumsalimia mjomba, nami nasikia punje zikidondoka kwenye beseni. Ukungu wa asubuhi haujaondoka wote, bado umekaa kwenye misonobari ya kule juu, na gundi niliyopaka mkiani haikauki. Ndege yetu ya karatasi iko mezani mbele ya karatasi hii, imelala chali. Ina bawa moja. Lile la kushoto nimelikata kwa wembe tulipotoka kanisani. Usishtuke, nitakueleza, ila nina mengi ya kukueleza na sijui lipi litangulie.

Labda nianze na swali lako. Jana, baada ya kikao, ulikuwa unakunja mashati yako juu ya kitanda. Ulikunja moja, ukalikunjua, ukalikunja tena. Halafu ukaniuliza bila kunitazama, "Baba mdogo, nimefanya nini?"

Mimi nikasema, "Kapige mswaki."

Ukaenda ukapiga mswaki. Ukarudi, ukalala umegeukia ukuta. Tangu hapo sijatulia. Kanisani leo sikusikia hata neno moja la mahubiri. Kesho asubuhi utapanda basi la Mbeya pamoja na baba yako, na swali lako bado liko pale kitandani ulipoliacha.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za maji ya kunywa, wala za kuvuka barabara. Mama Neema, mke wa baba yako, atakuambia hayo, na bibi amekwisha kukuambia mpaka unajua kuyasema kwa sauti yake. Nitaandika yale ninayoyajua mimi, nayo ni machache. Niko kidato cha nne na ndevu zangu ni zile ambazo fundi Mgaya huzihesabu kila tukikutana uzioni. Baba wa umri huu ana nini cha kumwambia mtoto? Lakini nimekosea mambo kadhaa ambayo wewe umeanza kuyakosea, kwa hiyo labda hapo ninaweza kusaidia.

Wenzangu shuleni hucheka wakinisikia nasema "mwanangu". Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwanao? Ulioa ukiwa chekechea?" Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, sina jina jingine la kukuita na sijawahi kulitafuta. Mama yako alipofariki ulikuwa hujaanza kutembea. Baba yako alikuleta hapa amekufunika kwa koti lake la kazi, akakaa siku chache, kisha akaenda Mbeya kutafuta kazi ya ufundi magari. Bibi alikuwa shambani mpaka jioni. Mimi nilikuwa darasa la nne, na nikitoka shule nilikubeba mgongoni kwa kitenge.

Mvulana amebeba mtoto kwa kitenge! Hebu fikiria walivyofurahi watoto wa mtaa mzima. "Mama Yona! Mama Yona, mtoto amekojoa huko nyuma!" "Mama Yona, leo mnapika nini?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Basi nikawa najificha na wewe kwenye karakana ya fundi Mgaya, nyuma ya mbao zilizopangwa kukauka, mahali ambapo harufu ya mbao mbichi inakaba koo. Huko ulilia, na mimi sikuwa najua nyimbo za kubembeleza, na hata ningezijua nisingeimba, maana mafundi wangenisikia. Siku moja nikachana ukurasa wa daftari la hisabati, nikakunja ndege, nikairusha. Ilianguka kwa pua kwenye maranda. Ukanyamaza. Halafu ukacheka.

Ndipo tulipoanzia, mimi na wewe na karatasi.

Ndege ya kweli ya kwanza, ile yenye vipande na namba, unaikumbuka. Nilikuta kijitabu chake cha karatasi ngumu kwenye lundo la vitabu vya mitumba sokoni. Maelezo yalikuwa kwa lugha ambayo hata jina lake sikulijua, kwa hiyo tulifuata namba na michoro. Wewe ulitafuta kipande, mimi nikakata. Nilikufundisha kupitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari kabla ya kukunja, ili mkunjo unyooke. Nilikufundisha kutopaka gundi nyingi kwenye vile vipande vidogo vya pembeni tulivyovipa jina la masikio. Tulikausha sehemu zake karibu na jiko la maranda, na tuliunguza mkia mmoja. Bibi alisema nyumba inanuka shule iliyoungua.

Nataka nikuambie kwa nini nilipenda kazi hii kiasi kile. Ulidhani ni kwa sababu ya ndege. Ndege zenyewe mimi na wewe tunazijua kama mstari mweupe juu ya msitu. Mlio ukifika, yenyewe imeshapita. Sijawahi kuona ndege ikiwa chini. Nilipenda kwa sababu ni kazi isiyohitaji kuuliza mtu. Kipande namba saba kinaingia kwenye namba nane, basi. Hakuna anayekutazama mdomoni akisubiri. Unaweza kufanya kazi mchana kutwa bila kufungua kinywa, na mwisho wake una kitu kizuri mkononi, na watu wanasema, "Festo ana mikono," wala hawaulizi sauti yako iko wapi.

Nimesimama tena. Samahani. Nimekwenda kuitazama gundi. Bado.

Babu yako humkumbuki. Alipougua, alilazwa Iringa, na bibi akanipeleka kumwona. Ile wodi ilikuwa na vitanda vingi na watu wengi. Akaniuliza, "Festo, habari za nyumbani? Nieleze." Nilikuwa na mengi ya kumweleza. Nilitazama vitanda vya pembeni, nikaona wazee wanatusikiliza kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine. Nikasema, "Nitakuandikia, baba." Alikuwa mbele yangu, Yona, nimeshika chuma cha kitanda chake, nami namwambia nitamwandikia.

Na kweli niliandika. Kurasa nne. Tuliporudi mara ya pili nikampa mkononi. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, hakuweza kusoma, akamwita nesi. Yule nesi alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akasimama katikati ya wodi, akasoma yote. Akasoma kwamba nikisikia baiskeli inapita nadhani ni yeye amerudi. Akasoma kwamba nalala na kofia yake. Alipomaliza, mzee wa kitanda cha jirani akasema, "Mwenzetu, mwanao huyu ni mchungaji kabisa. Lini anahubiri?" Babu yako akacheka mpaka akakohoa. Akanishika sikio, akasema, "Siku nyingine njoo useme mwenyewe. Manesi wana kazi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata bibi alirudi kutoka Iringa na blanketi lake limekunjwa, na siku nyingine haikuwepo.

Ungedhani mtu akishapata funzo la namna hiyo anabadilika. Mimi sikubadilika. Ndiyo maana nakuandikia habari za bawa.

Ndege hii ya sasa, hii ya abiria yenye mapangaboi mawili, kurasa zake tuliziprinti kwenye steshenari ya hapa Mafinga kwenye karatasi ngumu ya manila. Umeme ukakatika kabla ya ukurasa wa mwisho, ule wenye bawa la kushoto. Tukasubiri, mwenye duka akafunga. Siku chache baadaye shule yetu ikaenda Iringa kwenye shindano la sayansi, nikaichukua flashi yenye kurasa hizo, nikasema ukurasa uliobaki nitautoa huko.

Sijakusimulia kilichotokea. Nilikuambia tu, "Bawa hili hapa." Ilikuwa hivi. Karibu na stendi niliingia kwenye steshenari moja, foleni ndefu, dada mmoja kwenye kompyuta.

"Kurasa ngapi?"

"Moja."

"Nipunguze ienee kwenye karatasi, au niache saizi yake?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unaitikia nini sasa, kaka? Nipunguze, au niache?"

Sikujua tofauti yake. Neno moja tu lingetosha: "Tofauti ni nini?" Nyuma yangu kijana mmoja akasema, "Dada, huyo anataka vyote viwili, mfungie." Foleni ikacheka.

"Yoyote tu," nikasema.

Akaacha saizi yake. Sasa yule wa Mafinga, bila kutuuliza, alikuwa amepunguza kurasa zote. Kwa hiyo mwili wa ndege, mkia na bawa la kulia ni vya ndege ndogo, na bawa la kushoto ni la ndege kubwa kidogo. Kwa macho huoni. Ukiweka rula, unaona.

Wewe uliweka rula.

Naikumbuka jioni ile. Nilikuwa napaka gundi kwenye masikio ya bawa, wewe umesimama kushotoni kwangu. Ulipima bawa moja, ukapima la pili, ukanitazama. Ukafungua mdomo. Nilikuona, lakini nilidhani unapiga mwayo, nikasema, "Ukichoka kalale." Ukafunga mdomo. Nikabandika.

Asubuhi nikakuta kipande cha manila chini ya kifuniko cha gundi. Kwa mwandiko wako wa kubonyeza sana: *Bawa hili linazidi lile.*

Nikakuita. "Yona, kwa nini hukusema jana?"

"Nimeandika."

"Lakini nilikuwa hapa. Mkono wangu na wako, hivi."

"Nimeandika," ukarudia, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni jinsi mambo yanavyofanyika katika nyumba hii.

Nilikaa na kile kipande cha karatasi mfukoni. Sikukasirika kwa ajili ya bawa. Niliona kitanda cha Iringa, na mtoto ameshika chuma chake anasema nitakuandikia. Safari hii mtoto hakuwa mimi.

Jumapili iliyofuata mwalimu wako alinisimamisha nje ya kanisa, akanisalimia. "Kamwene, Festo. Mtoto wenu ana akili sana. Ila nikimuuliza swali, anaandika jibu kwenye kikaratasi, anampa jirani yake asome. Jirani anapigiwa makofi. Sasa hivi yule jirani anajiona profesa, na mtihani ukija anapata sifuri."

Nilitaka kucheka. Halafu akauliza, "Tabia hii ameipata wapi?"

Nikaitikia kwa kichwa, Yona. Swali kama lile mtu anaitikia nini?

Nilizunguka siku nyingi na jambo hilo. Nilikwenda kisimani nikarudi bila maji. Nilitazama nyumba yetu kwa macho ya mgeni. Bibi hasikii vizuri, na sikio lake la kushoto limekufa kabisa, kwa hiyo watu humwambia mambo kwa ishara. Mimi siongei. Redio haina betri. Wewe umekulia katikati ya kimya hiki ukadhani ndivyo binadamu wanavyoishi. Na kila jioni tulikaa mezani na wembe na rula, nami nikajisifu moyoni kwamba namlea mtoto mtulivu.

Ndipo nikachukua simu ya bibi, nikamwandikia kaka. Hata hapo niliandika, sikupiga. Nilisema hivi: *Kaka, ni Festo. Mtoto anahitaji nyumba yenye kelele. Njoo umchukue. Usimwambie mama kwamba ni mimi.* Nilikaa juu ya ndoo nikisubiri. Jibu lilikuja: *Huku kelele zipo. Nakuja.*

Jana alipokuja uliona mwenyewe. Mtu yule anasalimia kuanzia barabarani. Fundi Mgaya aliacha chakula akatoka kuona kuna nini. Na aliposimulia habari za nyumba yake ya Mbeya, kwamba mtoto Neema analia, jirani wa gereji anagonga bati, mama Neema anaimba akifua, na yeye mwenyewe anapiga kelele kuwashinda wote, mimi nilichoka kwa kusikiliza tu. Lakini nilikuangalia wewe. Ulikuwa umekaa pembeni na midomo yako inacheza, kama unayarudia maneno yake bila sauti.

Kwenye kikao bibi akauliza, "Wazo hili limetoka kwa nani?"

"Kwangu, mama," kaka akajibu, kwa sauti ya kumfikia. Hakunitazama hata kidogo. Namshukuru, na pia nimemkasirikia, maana angenitazama labda ningesema.

Bibi akakugeukia na utani wake. "Kwa hiyo, mume wangu, unaniacha? Umeshapata mke mwingine huko Mbeya, anayejua kupika kuliko mimi?" Mjomba, aliyeitwa kwenye kikao, akacheka, kaka akacheka. Wewe hukucheka. Ulinitazama mimi. Nami nikatazama ndani ya kikombe changu cha chai kama vile kuna kitu kimezama.

Sasa nijibu. Hujafanya kitu, Yona. Hukukosa adabu, hukula sana, hukuharibu ndege. Bibi hajakuchoka, leo asubuhi nimemkuta amekaa juu ya begi lako, na alipojua nimemwona akajifanya anafunga zipu. Mimi pia sijakuchoka. Sijui nitakaaje na kile kitanda cha pili. Nimefikiria kukitoa nje, nikaona afadhali kikae.

Na kuna jingine ambalo sikupanga kuliandika. Mwakani nikifaulu nitapelekwa kidato cha tano, labda mbali. Kuna nyakati nadhani nilituma ule ujumbe ili uondoke wewe kabla sijaondoka mimi, nisije kuwa mtu aliyekuacha mlangoni unatazama. Sijui. Nimejiuliza njiani, nimejiuliza darasani, kila siku napata jibu tofauti. Unaweza kufanya jambo kwa ajili ya mtoto na kwa ajili yako mwenyewe kwa mkono mmoja, na usiweze kuvitenganisha baadaye. Ukikua ukiona nilikosea, njoo uniambie. Useme, usiandike.

Huko Mbeya watakuuliza mambo usiyoyaelewa. Utatamani kuitikia kwa kichwa ili wakuache. Mimi nakuambia kwa sababu nimelipa kwa bawa zima: uliza maana yake. Watacheka, ndiyo. Wale wa foleni ya Iringa walicheka, halafu wakatoa karatasi zao wakaenda kupanda magari, na mpaka leo hakuna hata mmoja anayenikumbuka. Mimi peke yangu ndiye niliyeendelea kusimama kwenye ile foleni.

Usiache karatasi, lakini. Nisieleweke vibaya. Kuna steshenari Mbeya, na baba yako amesema atakupeleka kiwanja cha Songwe uione ndege ikitua. Aliposema hivyo nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Ukiiona, angalia bawa linavyoungana na mwili, pale chini, maana michoro yetu haionyeshi vizuri. Halafu umwombe baba yako simu, unipigie kwenye simu ya bibi, unieleze. Nitapokea. Najua sijawahi kuipokea, huwa nampelekea bibi naye anasikiliza upande wa sikio lililokufa. Hiyo nitapokea.

Kuhusu ndege hii. Leo Jumapili, steshenari zimefungwa, hakuna pa kuprinti. Lakini nimegundua tunaweza kuliweka bawa la kulia, likiwa na ndege yake, kwenye kioo cha dirisha, tukalichora kwa upande wa pili kwenye manila mpya, likawa la kushoto la saizi yake. Gundi ikisaidiwa na jiko, itakauka kabla ya kesho. Mtu mmoja hawezi. Mmoja ashike rula na kusema, mwingine akate.

Nimesoma tena barua hii yote. Ni ndefu kama ile ya babu yako. Naona aibu.

Haya ya chini nayaandika jioni.

Nilipofika hapo niliikunja barua, nikaitia kwenye boksi la ndege ili uikute Igawa basi likisimama, au popote utakapofungua. Halafu nikaitoa. Nikaiacha mezani, nikatoka nje.

Bibi alikuwa kwenye mkeka, wewe kwenye kigoda, beseni katikati yenu. Fundi Mgaya alikuwa amesimama uzioni, amekuja kuomba magunzi ya kuwashia moto. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwita kaka."

"Eeh?" bibi akasema.

"Mimi ndiye niliyemwita kaka aje amchukue Yona."

"Sema kwa nguvu, nani anakusikia?"

Nikasema kwa nguvu. Sauti yangu ilitoka vibaya, ikapasuka katikati. Fundi Mgaya akasema, "Haa! Kumbe rubani ana sauti!" Bibi bado alikuwa ameweka kiganja sikioni, ananitazama mimi, anakutazama wewe. Wewe ukaweka chini hindi lako. Ukasimama, ukazunguka mkeka mpaka upande wa sikio zima, ukainama, ukapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia katika nyumba hii:

"Bibi! Anasema ni yeye aliyemwita baba! Siyo baba! Ni yeye!"

Kuku wakakimbia. Bibi akashusha kiganja.

"Huyu asiyeongea?"

"Huyu huyu!" ukasema.

Kisha ukanigeukia. Mimi si kiziwi, lakini uliniuliza kwa sauti ile ile, "Kwa nini?"

Nikavuta kigoda. Nikachukua hindi ili mikono iwe na kazi, nikakaa upande wa sikio zima la bibi, nikakueleza, kuanzia wodi ya Iringa mpaka ujumbe wa simu. Nilipofika kwa yule dada wa steshenari, bibi akataka nirudie pale pa "yoyote tu", na fundi Mgaya akacheka ameegemea uzio. Hukusema umenisamehe, nami sikuuliza. Ulisema, "Kwa hiyo bawa lilikuwa kosa lako." Nikasema ndiyo.

Tukaingia ndani. Ulilishikiza bawa la kulia kwenye kioo pamoja na ndege yake, nikabana manila juu yake, tukalichora bawa kabla mwanga haujaisha. Kisha nikaiweka mezani, nikachukua wembe, na wewe ukashika rula.

"Sogeza," ukasema. "Bado. Bado. Hapo."

Nikakata.